Niliipitisha Dawa ya Migomba, Mama Akaniamini

Nimekosa, wasomaji wenzangu, na sina wa kumsingizia. Jina langu nisitirieni, ila kosa langu lisomeni lote.

Kazi yangu ni kukagua majaribio ya kilimo, kuona kama yamefanywa kwa haki kabla watu hawajaambiwa wayaamini. Nilitumwa Nyakakika, ambako dawa mpya ya mnyauko wa migomba ilijaribiwa. Wakulima walipangwa kwa kura ya bahati, wengine wapulizie dawa, wengine wasipulizie. Mwishowe migomba ya dawa ikastawi, ile mingine ikanyauka. Nani asingefurahi?

Nikiwa nakunywa kahawa kwa mjane mmoja, nilimwuliza kama kura ilikwenda sawa.

"Ilinipa dawa, waitu. Wasimamizi wa jaribio wakaniomba nimpishe jirani mwenye ng'ombe. Walisema dawa haipotezwi kwenye kibanja kisicho na mbolea."

Jamani! Kumbe waliopewa dawa ndio wenye samadi, na ndio wenye watu wa kung'oa shina likiugua. Sasa nani ajuaye kilichoiponya migomba yao? Nililiona hilo, wallahi nililiona. Lakini wasimamizi wale walikuwa wamenikirimu mno kwa chakula na kahawa, nikaona haya kuwaharibia. Nikaandika kwamba jaribio ni safi.

Mama yangu anaishi Isingiro. Alikuwa akikata kila mgomba uliougua na kukipitisha kisu motoni, kama wakulima walivyofundishwa. Aliposikia dawa nimeikagua mimi, akaacha kukata, akawa anapulizia tu. Majirani walimwonya.

"Mwanangu ameipitisha," akawajibu. "Anaweza kuniua kwa njaa?"

Kibanja chote kimeteketea, kile alichoachiwa na marehemu baba. Ole wangu!

Nilikwenda kumwangukia. Nilimkuta anatoka gulioni Nkwenda, ndizi za kununua amezifunika kwa kitenge watu wasizione. Mama yangu, aliyekuwa akigawia watu mikungu! Nikamweleza yote, nikilia kama mtoto. Akawa anamenya ndizi.

"Wale waliokukirimu wangenuna siku mbili, yakaisha," alisema mwishowe.

Nimewaandikia walionituma kwamba niliwadanganya. Kazi sijui kama ninayo, na wala siyo inayoniuma.

Ninyi mliopewa kazi ya kukagua, msinifuate! Ukiona kura imegeuzwa, sema, hata kama kahawa yao bado iko kinywani mwako. Mimi nilinyamaza nikaita heshima. Jioni ile mama alinipakulia ndizi za sokoni, akanikaribisha kwa upole ule ule wa siku zote.