Ukuta Ambao Severina Alikataa Kuukandika

Saa moja asubuhi, baridi ya Julai imeung'ang'ania mji wa Iringa. Severina Kalinga amepiga magoti kwenye veranda ya nyumba kuukuu ya Wajerumani. Anagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, kisha anahamia nyingine.

"Mbao nzima inaitika," anasema. "Iliyoliwa inanyamaza."

Severina, mwenye miaka arobaini na sita, ni mkandikaji wa kuta. Nyumba hii ya ghorofa imejengwa kwa nguzo na mihimili ya mbao, na katikati yake udongo uliokandwa na nyasi. Serikali imeihifadhi: hakuna ruhusa ya kubadilisha hata ubao mmoja bila kibali kutoka Dar es Salaam.

Novemba iliyopita, mwaka 1956, alibandua udongo uliopasuka kwenye pembe ya kaskazini. Akakuta nguzo imeliwa na mchwa.

"Kidole kiliingia chote. Chumba cha pembe ile ndimo akina mama wanamopimia watoto uzito kila Alhamisi."

Akamwita msimamizi wa jengo, Bwana Joachim.

"Barua ya kibali nitaandika," Joachim alimwambia. "Lakini wewe kandika, Mama Esta. Wakubwa wanakuja Jumamosi. Mbao si kazi yako."

"Nikikandika, nani atajua pameoza?"

"Basi nitatafuta mwingine."

Severina akaweka mwiko chini, akaenda moja kwa moja kwa nesi Tekla, anayewapima watoto hao. Tekla alikuja, akatazama, akahamishia mizani kwenye baraza la kanisa.

Mvua zikaanza. Barazani watoto walilowa, wakakohoa. Akina mama wakanung'unika kwamba mkandikaji aliyefukuzwa kazi anawatesea wanao.

"Nikienda kuteka maji, walinipa mgongo," anakumbuka. "Nikaanza kujiuliza, je, kama nimekosea? Halafu najiona mwovu, maana ni kama naomba nyumba ianguke."

Alhamisi ya pili, saa nne asubuhi, pembe ile ilishuka. Mhimili ulikatika, na sakafu ya ghorofa ikalala juu ya mabenchi matupu. Hakuna aliyeumia.

Joachim alimfuata nyumbani. "Alikaa, hata chai hakugusa. Akasema, 'Nisamehe, mama. Niliogopa wakubwa.' Nikamwambia, hata mimi niliogopa."

Kibali kilifika Januari. Seremala Philbert akaweka nguzo mpya ya mninga, na Severina akarudi kukandika.

Lakini hajatulia. Nguzo nyingine tatu zinanyamaza anapozigonga, na barua ya kuomba zibanduliwe udongo zikaguliwe ina miezi minne bila jibu. Aliiandika binti yake, Esta; yeye akaweka dole gumba.

"Wasiponijibu kabla ya mvua, napanda basi mpaka Dar es Salaam," anasema. "Nitauliza dirisha linalopokea watu wasiojua kusoma, nikae hapo hapo mpaka mtu anisikilize."