Ekseli za Mseto

Hesabu mimi nimezisoma ukubwani, hapa hapa Hagsätra, Stockholm, shule ya jioni, nikiwa nimekaa kati ya dereva wa basi aliyekoroma na bibi wa Kipolandi aliyemsahihisha mwalimu. Nilifaulu kwa daraja la E. Uswidi, E ni kufaulu. Nilipopiga simu Morogoro kutangaza, kaka yangu akaniambia nisikate tamaa, nijaribu tena mwakani.

Nasema hivi ili ijulikane kwamba suala la gia za ekseli halikumwangukia mbumbumbu.

Lilianza na matairi. Nilikuwa na pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, na mtu mmoja wa Jordbro akaniuzia matairi ya porini, makubwa kiasi kwamba nilipoyashusha uani majirani walidhani manispaa imeleta matangi ya maji. Niliyafunga siku ileile, na ya zamani nikamuuzia yeye yeye. Gari likainuka, kabla ya kupanda ilibidi uage watu. Lilipendeza mno. Lilikuwa na tatizo moja tu, halikwenda. Kwenye kilima cha dukani bibi mmoja mwenye kigari cha kutembelea alinipita, na kwa uungwana wake akanipungia mkono.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa amepunguza saa zake za kazi kwenye nyumba ya wazee, akanunua trela la kupikia lenye jiko na dirisha la kuuzia, na alikuwa amepata mteja wake wa kwanza: mama wa Kiswidi mwenye shamba nje ya Haninge, anayetimiza miaka hamsini na anayetaka wageni wake wale pilau. Shamba liko juu ya kilima. Njia yake ni kokoto chini, nyasi juu, na inapanda kama ngazi. Na gari la kuvuta trela ni hilo hilo langu.

"Rudisha matairi ya zamani," aliniambia.

"Nimeshayauza."

"Basi nieleze gari lina nini. Taratibu, usijifanye mwalimu."

Nilijifanya mwalimu. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri mtu aniulize. Gurudumu likizunguka mara moja, nikamwambia, shafti inayotoka kwenye giaboksi inakuwa imezunguka karibu mara nne. Meno yaliyo ndani ya difu, lile bonge la katikati ya ekseli, ndiyo yanayopanga hivyo. Tairi likiwa kubwa, mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, na injini inadaiwa kazi kubwa kwa nguvu ileile. Dawa ni kubadili meno, ili shafti izunguke mara nyingi zaidi kabla gurudumu halijamaliza mzunguko wake.

"Yaani umelivalisha gari viatu vya kaka yake," alisema, "sasa unatafuta namna ya kulifundisha kutembea."

Nikapiga hesabu. Gia ya zamani, zidisha kwa kimo cha tairi jipya, gawanya kwa kimo cha lile la zamani. Jibu likatoka nne nukta saba. Jibu safi kabisa, ila hakuna aliyeliuza. Sokoni kulikuwa na nne na nusu, au tano kasoro kidogo.

Mtu mwingine angechagua, akaenda kulala. Lakini sisi Waswahili wa Stockholm hatubadilishi hata balbu bila kamati, na trela la mke wangu lilikuwa na kamati ya uzinduzi kabla halijapakwa rangi. Mwenyekiti alikuwa mhasibu mstaafu, Mkenya, mwenyekiti wa kila kitu kuanzia matanga hadi ubatizo. Mimi nilipewa ukatibu kwa sababu ni Mtanzania, eti Kiswahili changu kimenyooka. Kikao kilifanyika sebuleni kwangu, kikagawanyika kabla chai haijamiminwa.

Chama cha Tano Kasoro kiliongozwa na Mrundi mmoja, dereva wa lori. "Hii gari inavuta mzigo, haiendi kuposa," alisema. "Tano Kasoro inapanda hata ukuta."

Nne na Nusu walikuwa nyuma ya Mkenya wa teksi. "Na kwa barabara kuu je? Hiyo yako italia mpaka watu wa Fisksätra wafunge madirisha. Mafuta utaweka wewe?"

"Wewe unabeba watu na masanduku, bwana. Kilima unakijulia wapi?"

"Nimetoka Murang'a. Usiniambie habari ya vilima."

"Mimi nimetoka Bujumbura. Kwetu kilima ni mtaa."

Uzito wa jambo ni kwamba kila mmoja alikuwa tayari na ushahidi. Mrundi alikuwa amepata ekseli nzima ya nyuma yenye Tano Kasoro kwa rafiki yake mwenye magari mabovu. Wa teksi alikuwa amepata difu ya mbele yenye Nne na Nusu, na alikuja nayo, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

Mwenyekiti akavua miwani. Hapo tulijua hekima inakuja.

"Wanachama, sitaki mtu atoke hapa akiwa ameshindwa. Nyuma Tano Kasoro, mbele Nne na Nusu. Kila upande upate ekseli yake."

Makofi yalipigwa hadi jirani wa chini akagonga bomba. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, gari ni moja. Ukiunganisha magurudumu yote manne, mbele itataka mwendo wake na nyuma wake. Zitavutana hadi kitu kikatike. Na kitakatikia kilimani, na trela nyuma."

"Katibu, ajenda hiyo imefungwa. Andika."

Nikaandika, kwa mwandiko mzuri. Jumamosi tulikodi sehemu ya gereji ya kujifanyia mwenyewe huko Jordbro, tukafunga zote mbili, vyama vyote vikishikiana spana kwa upendo ambao sijauona hata kanisani.

Jumapili kamati ikiwa ibadani, mke wangu aliniita nje.

"Ulichosema juzi ni kweli au ilikuwa E yako inaongea?"

"Ni kweli."

"Mteja wangu ni Jumamosi ijayo. Fanya kitu, na usiitishe kikao."

Nikaingia chini ya gari. Nikafungua shafti inayopeleka nguvu mbele, nikaitoa nzima. Yeye akaipokea na kuipeleka stoo. Kuanzia hapo ekseli ya mbele ilikuwa kama waziri asiye na wizara: imo serikalini, inaonekana kwenye picha, inazunguka pamoja na wenzake, lakini kazi haipewi. Hatukumvunjia mtu heshima. Kilichobaki kututia hofu ni kama nyuma peke yake itatosha.

Jumamosi, kamati ikiwa imejibana ndani, gari lilivuta trela kama linavuta puto. Barabara kuu lilinguruma, wa teksi akaziba masikio kwa madaha, lakini kokoto tulizipanda vizuri. Tulipofika kwenye nyasi, mvua ya asubuhi ilikuwa imezifanya sabuni. Mwenyekiti, aliyekaa mbele na suti yake, alivuta mwenyewe kijiti cha kuunganisha magurudumu manne, kama anayekata utepe.

"Mnasikia mbele inavyovuta?" wa teksi alisema.

Tukasimama. Magurudumu ya nyuma yalizunguka pale pale, yakirusha majani hadi kwenye dirisha la trela. Juu kilimani wageni walikuwa wameshika sahani, wakitutazama kwa utulivu ule wa Kiswidi unaomaliza nguvu. Mke wangu alishuka, akaangalia matairi, akaniangalia mimi.

"Nyuma ni nyepesi, siyo?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Inahitaji uzito."

Akageukia kamati. "Shemeji zangu, wote pandeni nyuma ya pikapu. Wanene mkae juu ya ekseli. Mwenyekiti, na wewe."

"Mimi pia?"

"Hasa wewe."

Ndivyo chama cha Nne na Nusu kilivyokwenda kukaa, na suti zake na harufu zake za marashi, juu ya ekseli ya wapinzani. Mrundi akawapa mkono kuwapandisha. Nikaachia klachi polepole. Tairi likauma. Pikapu ikapanda kilima kile kwa mwendo wa mzee anayeenda kupokea komunyo, trela likifuata, pilau ndani yake bila kumwagika hata punje.

Wageni walikula hadi wakakwangua sufuria. Mwenyekiti alisimama bila kuombwa, akaeleza kwa Kiswidi kwamba walichokishuhudia ni matunda ya maridhiano. Wa teksi alikwenda akapigapiga gurudumu la mbele, akaniambia, "Umeona lakini, hii ndiyo ilituvuta." Nikamwambia hata mimi nimeona.

Yule mama wa shamba akamvuta mke wangu pembeni. Anataka chakula tena vuli, kwa ajili ya majirani wote. Mke wangu alirudi kwangu akijifuta mikono, uso umemtulia kwa mara ya kwanza tangu anunue lile trela.

"Vuli njia hii ni matope matupu," alisema. "Tafuta difu ya mbele ya Tano Kasoro, mimi nitaitoa shafti stoo. Na huyo shemeji wa teksi, mpe kiti cha mbele, akae apunge mkono."