Moshi wa Mvuje

Mwenye duka la viungo sokoni Malindi alifunua kopo la mvuje, nami nikarudi nyuma hatua moja. Kitu hiki kinanuka kama kitunguu kilichoozea ndani ya soksi. Sijui ni nani aliyekinusa mara ya kwanza akaona ni dawa.

Shangazi yangu aliona ni dawa. Wiki ile tulipomzika mama, mimi sikucheza wala sikusema na mtu, nilijilaza tu mkekani nikitazama ukuta. Shangazi akasema huzuni imeniingia mwilini na lazima itolewe. Akatia kipande cha mvuje kwenye makaa ya chetezo, akanikalisha kigodani, akanifunika kanga gubigubi.

"Vuta pumzi, mwanangu."

Nikavuta. Moshi ule ulininata kooni kama mafuta, kamasi zikanichuruzika mpaka mdomoni, na uji walionilazimisha kunywa asubuhi ukanirudi wote mapajani. Nikapiga kelele nitolewe.

Shangazi hakunitoa. Aliinua kanga akaingia na yeye, akanipakata na matapishi yangu vilevile. Kisha mwili wake ukaanza kutetemeka.

"Shangazi, unalia?"

"Ni moshi tu huu. Nawe lia, mwanangu, ni moshi."

Tukalia mpaka makaa yakazimika. Aliponikogesha, niliomba chai.

"Mvuje huu ni wa kupikia dengu, mama?" aliniuliza mwenye duka. Nilikuwa nimeziba pua kwa mtandio.

"Ndiyo, wa dengu," nikamjibu.

Tangu tumzike shangazi, jiko langu sijaliwasha.