Gunia la Nekesa na Miaka Yangu Ghalani

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Ofisi ilikuwa Kitale, orofa ya pili, juu ya duka la mbegu, na mimi nilikuwa mtu wa darasa la nane aliyeandikwa kusafisha na kuchemsha chai. Nawaambia hivi nyinyi vijana mnaoingia na digrii zenu ili mjue kwamba kiti cha Msuluhishi wa Majina, ambacho leo kina meza yake na kibao mlangoni, alianza kukikalia mtu wa ufagio.

Ofisi ile ilitunza kitu tulichokiita Ghala. Mwenye kuandika programu haandiki kila kitu mwenyewe. Anachukua vipande vya wengine, kama seremala anavyonunua bawaba badala ya kuzifua. Kipande kimoja tunakiita kifurushi, na kila kifurushi kina jina moja tu katika Ghala lote. Kompyuta haimjui mwenye kifurushi. Inajua jina. Inasema niletee fulani, na inaletewa yeyote anayeitwa hivyo. Ukimpa mtu jina la mwenzake, umempa na mlango wa kila mtu aliyekuwa akilitegemea. Hilo nilielezwa na Mkurugenzi wetu, mama mmoja mrefu aitwaye Naliaka, huku nikimimina chai.

Barua za ugomvi zilikuwa zinarundikana mezani kwake. Waandika programu walizikimbia, maana ugomvi haurekebishwi na kompyuta. Siku moja alinikuta nimeacha kufuta vumbi, ninasoma.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Huyu Wekesa amelalia majina, madam."

Wekesa alikuwa kijana wa hapo Kitale. Alikuwa ameandikisha mvua, maziwa, mbolea, ng'ombe, majina chungu nzima, na ndani ya vifurushi hamna kitu. Afisa mmoja wa kilimo alikuwa na programu nzuri ya kupima mvua, na jina limefungwa. Nikamwambia Mkurugenzi kwamba baba yangu alikuwa mzee wa mtaa, akiamua mipaka ya mashamba, na swali lake la kwanza lilikuwa: nionyeshe ulicholima. Mama Naliaka akacheka, akanisukumia simu.

"Wekesa, hii mvua yako ina nini ndani?"

"Nitaweka, mzee. Niko na plani."

"Tangu lini?"

"Si unajua vitu ni mingi, bana."

"Una mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kukiwa kutupu, inaenda kwa mwenye kazi."

"Ati? Na hizo zingine?"

"Hata ng'ombe."

Akanitukana kidogo, lakini Ijumaa ilipofika aliachilia yote. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mtu mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akitaka jina ambalo mwenyewe amenyamaza, tulimwandikia mwenyewe barua pepe tatu, kila moja mwezi wake. Hiyo ilikuwa kanuni ya kitabu. Mimi nikaongeza yangu, nikaiita kubisha: kabla ya kumnyang'anya mtu jina, nenda mpaka kwake ubishe mlango. Wale wa kompyuta walinicheka sana. "Mzee, mtu wa intaneti unambishia hodi?" Ndiyo, nilibisha. Nilibisha Kapenguria, nilibisha Webuye, nilibisha kwa watu waliokuwa wamelazwa, wamefungwa, wameokoka wakaacha kompyuta. Walionipa jina kwa mdomo wao wenyewe hawakurudi kulalamika hata mmoja.

Kisha nikahamishiwa tawi la Bungoma, chini ya Meneja Simiyu. Namtaja kwa jina kwa sababu na yeye alinitaja kwa jina katika barua yake ya kunishtaki. Mbele ya wageni aliniita "Msomi wetu" ili wacheke. Kila paswadi ya kazi aliidai iandikwe, iwekwe kwenye bahasha, ifungiwe katika droo yake, ati mtu akiugua kazi isisimame. Nilimpa yangu. Hilo ndilo kosa langu katika hadithi hii na silifichi.

Kampuni moja ya Nairobi ikaja kutaka jina gunia. Wao walikuwa na programu ya kuhesabu magunia kwenye malori. Lakini gunia lilikuwa la msichana wa Malakisi, Nekesa, aliyeliandika akiwa chuoni. Lake lilichukua uzito wa mahindi na unyevu wake, likatoa uzito wa mahindi makavu. Stoo nyingi za nafaka, Kitale na kwingineko, zilikuwa zinalitumia bila kujua mwenyewe ni nani. Alikuwa hajaligusa muda mrefu. Barua tatu hakujibu.

"Amenyamaza," Meneja akasema. "Kanuni imetimia. Wape."

"Sijabisha."

"Msomi, hapa si kwa baraza ya baba yako."

"Kesho niko Malakisi, bwana Meneja. Kesho kutwa utapata jibu."

Nilimkuta Nekesa kwenye banda la tumbako nyuma ya nyumba ya mama yake, mikono imeshika gundi ya majani. Aliniangalia kama askari wa kodi.

"Barua gani?" akauliza. Nikamsomea anwani. Akacheka bila furaha. "Hiyo ni ya chuo, mzee. Ukimaliza masomo wanaifunga. Mmekuwa mkiandikia ukuta."

"Na mbona hujaligusa gunia miaka hii yote?"

"Kwani limeharibika?"

"Hapana."

"Sasa niguse nini? Inafanya kazi. Nikiligusa ndio ningelalamikiwa." Akapangusa mikono kwenye leso. "Mzee, hiyo ndiyo kitu ya pekee nimewahi kumaliza. Kazi sikupata, nikarudi kwa tumbako. Lakini najua asubuhi mahali fulani mtu anapima mahindi na yangu. Usiwape."

Nikamwambia siwapi. Tuliongea mpaka mama yake akatuletea chai, kisha nikapanda bodaboda kurudi.

Kumbe saa ile ile ninakunywa chai yake, Simiyu alikuwa amefungua droo, akararua bahasha, akaingia kwa paswadi yangu na kuwapa Nairobi jina. Daftari la Ghala, ambalo huandika kila tendo na mtendaji, likaandika kwamba ni mimi.

Ilikuwa msimu wa kuvuna. Asubuhi iliyofuata kompyuta za stoo ziliuliza kama kawaida: niletee gunia. Zikaletewa la Nairobi, lisilojua unyevu ni nini. Makarani wakashindwa kupokea. Kitale trekta zilipanga foleni na mahindi wazi, na mawingu yameshuka. Simu zikanipata ofisini, mkulima mmoja analia kama amefiwa.

Nikamfuata Meneja. "Rudisha jina."

"Wewe ndiye ulilitoa. Soma daftari."

Sikubishana. Kitabu kinampa Msuluhishi uwezo wa kurudisha jina lililotolewa bila haki, na paswadi bado ilikuwa yangu. Nikakaa, nikarudisha gunia kwa Nekesa mbele ya macho ya Simiyu, yeye akipiga kelele kwamba atanimaliza. Mvua iliponyesha jioni, mahindi yalikuwa ndani.

Na alinimaliza. Mama Naliaka alikuwa amestaafu. Kikao kiliongozwa na Mkuu wa Wafanyakazi, Makokha, ambaye alikuwa mtu wa Simiyu tangu chuo. Nekesa alikuja kutoka Malakisi kusema nilikuwa kwao saa ile. Makokha hakumwangalia. Aliandika kwamba mtu wa elimu yangu hufanya makosa bila kujua, nikastaafishwa mapema, Simiyu akapandishwa. Hakuna aliyewahi kuniambia pole. Sitasema nimesamehe, kwa sababu sijasamehe.

Sasa nalima karibu na Mabanga, mvi zenyewe ndio zinaanza. Nasikia kubisha kumeandikwa kitabuni, na bahasha za paswadi zimepigwa marufuku. Mnaosoma hili na kukalia kiti kile, fanyeni hivyo hivyo, na mkiambiwa mtu amenyamaza, ulizeni kwanza kama kuna mtu aliyemsikiliza.

Mwaka jana Nekesa alinipigia. Ghala sasa linataka kila kifurushi kiwe na mlinzi wa pili, wa kuulizwa mwenyewe asipopatikana. Alitaka kuniandika mimi.

"Sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu," nikamwambia.

"Hawaulizi hiyo, mzee. Wanauliza nani atakuja kunitafuta."

Ukifungua gunia leo utaona majina mawili, lake na langu chini yake. Simu yangu iko wazi. Mtu akiuliza kama Nekesa bado yupo, nafunga jembe kwenye baiskeli, naenda kubisha.