Homoni Kwenye Kipaza Sauti

Ndugu zangu, kuna neno ambalo mpaka leo likitajwa pale Chang'ombe watu wote wananigeukia mimi, mzee mzima mwenye kanzu na wajukuu, na wanacheka bila kunionea huruma. Neno lenyewe ni homoni.

Nyuma ya msikiti wetu kuna kiwanja cha wakfu, tukakusudia kupanda zabibu ili mavuno yake yaendeshe madrasa. Kazi ya kuotesha pingili nikapewa mimi, na mara mbili zikanikaukia. Kamati ya msikiti ikasema zikikauka tena kiwanja kitakodishwa kwa waosha magari. Iliniuma sana. Nikaenda duka la pembejeo nikauziwa unga wa homoni ya mizizi (mmea unayo yake, Mola ameiweka kwenye machipukizi, ndiyo inayouamuru utoe mizizi, ule unga unaongezea tu), nikachovya pingili chache, nikazipanda kwenye makopo nyumbani. Alhamdulillahi, zikashika!

Basi Ijumaa, baada ya swala, shehe akaniuliza, "Mzee Hamisi, ile kazi imefikia wapi?" Ningemjibu palepale nilipokaa, yangekwisha. Lakini furaha ilinipanda, nikachukua kipaza sauti, na kwa kuwa kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine isipokuwa zabibu, sikukumbuka kuzitaja.

"Ndugu Waislamu," nikasema, "msikate tamaa. Tatizo letu lilikuwa homoni. Nimepata unga wake, unachovya kidogo tu, na nyumbani kwangu kilichokuwa kimenyauka sasa kimesimama wima. Mke wangu ni shahidi!"

Kisha Mzee Rajabu, mtani wangu tangu ujanani, akakohoa. "Mashallah. Na unapatikana duka gani?"

Kicheko kikalipuka, hata shehe akajifunika uso. "Zabibu! Nasema zabibu!" nikapiga kelele, lakini kipaza sauti nilikuwa nimeshakizima (yale ya mwanzo yote spika ya mnarani ilikwisha kuyafikisha mpaka gengeni).

Nyumbani mke wangu, Bi Zainabu, alinipokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mimi shahidi wa nini, Baba Asha? Wanawake wananipa hongera!"

Kesho yake nilikwenda kiwanjani nikiinamisha kichwa, na nikakuta wazee wamejaa, hata wale ambao kazi za msikiti zikitangazwa huumwa mgongo. Kila mmoja ananivuta pembeni: "Mzee mwenzangu, ule unga, nibakishie japo kijiko."

"Anayetaka kuona kazi ya homoni," nikasema, "majembe yale pale."

Walipoelewa walijicheka wenyewe, na kila mmoja akaona haya kuwa wa kwanza kuondoka, basi wakachimba. Nikawagawia pingili nilizokuja nazo, nikawaonyesha kuchovya ncha ya chini tu, na kidogo, maana ukizidisha unaua. Kabla ya adhana ya adhuhuri kiwanja kizima kilikuwa kimepandwa, kwa jasho la watu waliokuja kutafuta mengine. Nilimshukuru Mungu kwa ulimi wangu mbaya.

Leo mizabibu imetambaa kwenye nyaya tulizoitandazia, madrasa inajiendesha, na waosha magari hawatajwi tena. Majuzi bwana shamba katuambia ipo homoni nyingine, ya kunenepesha zabibu. Shehe akanitazama, akakumbatia kipaza sauti kifuani.

"Hiyo tangaza wewe, shehe," nikamwambia. "Ila anza na zabibu."