Jefwa Awahukumu Wapenzi Mbele ya Mkwewe

Jefwa, dobi wa hoteli moja ya ufuo wa Bofa, Kilifi, alijaliwa sauti ya besi ya kutikisa vikombe kabatini, lakini kwaya ya kanisa ilimtumia kuitikia tu. Wenzake wakipewa ubeti, yeye hupewa "aaa". Basi Mwalimu Hindu, mfundishaji muziki wa pale mjini, alipotunga opera, mchezo ambao hata maji ya kunywa huombwa kwa wimbo, akamchagua awe mtawala dhalimu, Jefwa nusura azimie kwa furaha. Ataimba peke yake, watu wamsikie!

Kisa chenyewe: binti wa mtawala anampenda mshairi anayeipinga serikali. Baba mtu anawafunga, kisha anawahukumu wote wawili kifo. Jefwa alifanya mazoezi baina ya mashuka yaliyoanikwa, akiyahukumu moja moja, hata watalii wakahama upande ule wa ufuo.

Siku ya onyesho ukumbi wa Kilifi ulijaa pomoni. Ilham na Adnan, ndio wapenzi, wakapiga magoti na minyororo yao. Jefwa akatokea na kofia ya kijeshi, akavuta pumzi, na kumbe nani yuko kiti cha mbele? Mama mkwe, kutoka Rabai! Jedida, mkewe, alimleta bila kumwambia.

Sasa, kwao Jefwa mtu hainui sauti mbele ya mkwewe, wala hamkazii macho. Akainamisha kichwa, akaimba kwa sauti ya kuombea chumvi:

"Mtauawa kesho, wanangu, Mungu akipenda. Tuwieni radhi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Hindu akajishika kichwa. Jefwa alitamani kulia, maana nafasi aliyoingoja maisha yake yote ilikuwa inamponyoka hivi hivi.

Mama mkwe akaelewa. Akajifunika leso gubigubi.

"Mkwe, mimi sipo!" akapaza sauti humo ndani. "Fanya kazi yako!"

Lo! Jefwa alinguruma mpaka popo wakatoka darini. Akawasomea makosa yao: kupenda, kuandika, kufikiri. Ilham akalia machozi ambayo hayakuwamo mazoezini. Adnan akasahau kuimba, akaomba msamaha kwa mdomo mtupu. Watu wakamzomea Jefwa kwa chuki ya dhati, naye moyo ukamjaa raha.

Onyesho lilipokwisha, alimkuta mama mkwe mlangoni, kamshika Jedida mkono.

"Twende zetu Rabai, mwanangu. Jitu lile litakuua."

Jefwa akamgeukia Mwalimu Hindu, machozi yakimtiririka.

"Umesikia, Mwalimu?" akanong'ona. "Ameniamini!"