Fundi Aliyejipiga Msasa Vidole

Zabron Kalinga alikuwa mtu wa kushuku tangu utoto wake kule Kilolo. Ukimpa chai, kwanza anaangalia wewe unakunywa nini. Daktari akitaka kumchoma sindano, aonyeshwe kichupa kwanza. Mkewe Bertha alishazoea, akawa anawaambia majirani kwamba huyu mwanaume siku akifika mbinguni, kabla ya salamu atauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Mara moja tu aliacha kushuku, na hiyo moja ndiyo iliyomponza. Alikuwa fundi seremala Mafinga, ndipo tajiri mmoja wa mbao akamwambia weka dole hapa, ni karatasi ya kupokea mzigo tu. Akaweka. Kumbe mbao ni za wizi, zimetoka msituni bila kibali. Tajiri akayeyuka, na mahakamani lile dole likamtaja Zabron peke yake. Gerezani akapangiwa karakana, kazi ile ile ya randa na msasa, akajiapia kwamba kidole chake hakitachukuliwa na mtu tena mpaka anaingia kaburini.

Kifungo kikiwa kinaelekea ukingoni, kompyuta zikaletwa. Alizileta Sajenti Sekela, binti wa Kinyakyusa aliyetoka Mbeya, mpole, mwenye maneno yaliyopangika. Akawaeleza wafungwa kwamba majalada yao yanapelekwa Mbeya yakaingizwe kwenye mfumo, na kila mmoja atapigwa picha na kuweka vidole juu ya kioo, basi. Hakuna tena mtu wa kusahaulika ndani eti jalada lake limeliwa na panya. Wafungwa wakapiga makofi. Zabron hakupiga, maana maneno matamu ya namna hiyo alishayasikia kwa yule tajiri.

Na safari hii alikuwa na kitu cha kupoteza. Binti yake wa pekee, Jackline, alikuwa anaolewa Jumamosi, siku inayofuata ile ya baba yake kutoka. Tarehe iliwekwa hivyo makusudi, kwa sababu binti alikataa katakata kuingizwa kanisani na mtu mwingine. Sasa Zabron akawaza: kidole kikishaingia kwenye ile mashine, kinatokaje? Si kitabaki humo humo, kesho mbao zikiibwa popote nchini mashine itamtaja yeye, arudishwe ndani hata Kilolo hajafika? Akamnong'oneza Aroni, mfungwa mwenzake wa karakana, kwamba huu ni mtego. Aroni akacheka mpaka akashika meza. Akamwambia mzee, wewe hata kivuli chako utakidai kitambulisho.

Basi siku ya kuandikishwa, Zabron akawahi karakana. Akachukua msasa mgumu, kisha laini, akasugua ncha za vidole vyote kama anavyosugua mguu wa kiti, mpaka mistari ikapotea na ngozi ikawaka moto. Alipoviweka kwenye kioo, mashine ikakataa. Sekela akavifuta, akajaribu tena, ikakataa. Akasema pole, maseremala kazi inawala vidole, utarudia siku nyingine. Zabron akatoka pale kwa maringo, na kila alipoitwa kurudia, msasa ulikuwa umeshapita. Hata alipoombwa namba ya simu ya nyumbani aligoma, asije mkewe akafuatiliwa.

Ijumaa yake ikafika. Akaoga, akavaa suruali aliyokuja nayo, akaagana na watu. Mlangoni Sekela akabonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso.

"Mzee Kalinga, kwenye mfumo hupo," akasema.

"Ndiyo. Mimi sikuingia," Zabron akajibu, bado ana furaha yake.

"Sasa nitamtoaje mtu ambaye hakuingia?"

Jalada lake lilikuwa Mbeya, kwenye rundo ambalo halijaguswa. Sekela akapiga simu huko. Wakamjibu kwamba bila vidole hatoki mtu, kwa kuwa kuna mahali mfungwa mmoja aliwahi kutoka kwa jina la mwenzake. Hapo Zabron akaona ujanja wake umemgeukia. Akakaa chini, akasema yote ya msasa, akalia mbele ya askari bila kuona haya. Sekela akamhurumia, akataka ampigie Bertha simu, lakini ile namba iliyofichwa kwa ushujaa mkubwa, mwenyewe hakuwa nayo kichwani.

Akakatazwa kugusa mbao. Kila asubuhi akapewa mafuta ya mgando, akapaka vidole na kuvifunga vitambaa, akakaa tu kama mwali. Jumamosi ile akaipitisha hivyo, anajua wakati huo kanisa limejaa. Ngozi nayo haina haraka. Baadaye sana ndipo mashine ilipolia kidogo, na uso wake ukatokea kwenye kioo cha kompyuta. Sekela akamwambia sasa umeingia, akabonyeza tena, akamwambia sasa umetoka.

Alimkuta Bertha uani anamenya viazi. Hakusimama. Akamweleza kwamba Jackline alisubiri nje ya kanisa mpaka kwaya ikarudia wimbo ule ule, mwishowe akaingizwa na baba yake mdogo Philbert huku analia. Sasa yuko Ubaruku kwa mumewe, na ameacha ujumbe asitajiwe baba.

"Ulikuwa utoke Ijumaa ile," Bertha akasema. "Umekuwa wapi?"

Zabron akaeleza habari ya mashine, akatoa mikono yake aione. Bertha akaipokea, akaigeuza, akazipapasa zile ncha za vidole. Zilikuwa laini. Hata sugu za viganja, alizozijua tangu anaolewa, zilikuwa zimelainika.

"Hii mikono imetoka karakana?" akauliza taratibu. "Nani alikuwa anakupaka mafuta?"

Zabron akaona linakoelekea, akaogopa kuliko alivyoogopa mahakamani.

"Bertha, mimi nimo kwenye mfumo. Nenda kaulize. Mashine haidanganyi."

Bertha akaiachia ile mikono, akachukua kiazi kingine. Akasema yeye habari za mashine haziamini, alishafundishwa na mumewe.